Jaribio la povu kwa mtoto njiti: namna ya kulifanya ukapata jibu la kweli

Wenzangu wa Muheza, Pangani na Korogwe wananiuliza swali lile lile kila wanapokuja mjini Tanga: "Kaka, mbona povu linatokea kwa kila mtoto?" Mwingine analeta kinyume chake: povu halitokei kabisa, hata kwa mtoto wa wiki 39 anayelia mpaka anasikika getini. Nimekaa nao mezani, nikawaangalia wakifanya mmoja mmoja. Makosa ni yale yale, na karibu yote hutokea kabla tyubu haijatikiswa.

Jaribio lenyewe ni kutikisa majimaji ya tumbo la mtoto pamoja na ethanoli, yaani spiriti kali, na kuangalia kama povu linabaki; povu hilo hutuambia kama mapafu yake yamekomaa. Mwongozo huu ni kwa wauguzi, wakunga, matabibu na watu wa maabara wanaohudumia watoto njiti. Si wa kufanyia nyumbani. Na kabla hatujaanza: mtoto anayegumia, anayebonyea kifua au anayegeuka bluu hasubiri tyubu. Anawekewa oksijeni au CPAP (mashine inayosukuma hewa puani ili mapafu yabaki wazi) kwanza, kipimo kitafuata.

Unachopima, na usichopima

Surfaktanti ni utando mwembamba unaozuia vifuko vya hewa visigandamane mtoto anapotoa pumzi. Karibu asilimia 90 yake ni mafuta, na asilimia 10 hivi ni protini, ambazo zipo nne: A, B, C na D. B na C ndizo zinazosaidia mafuta yale kutandaa haraka juu ya maji yaliyomo ndani ya kifuko.

Vyote hutengenezwa na seli za aina ya pili za mapafu, hupangwa tabaka juu ya tabaka ndani ya vijifuko vidogo, kisha hutemwa nje. Surfaktanti iliyokwisha kutumika haipotei yote. Seli zile zile huifyonza, huipanga upya na kuitema tena. Nyingine huliwa na seli za ulinzi zinazozunguka humo. Kwa mtoto mchanga, sehemu kubwa hurudi kwenye mzunguko, maana kiwanda chake bado ni kichanga kama yeye.

Kujua kasi ya kutengenezwa na kurejelewa kwa protini hizo ni kazi ya maabara kubwa. Mtoto hupewa kwa dripu asidi amino, mathalani leusini, iliyotiwa kaboni-13 (kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida, inayoweza kufuatiliwa), kisha majimaji ya njia yake ya hewa hukusanywa kila baada ya saa kadhaa, na mashine hupima kaboni ile imeingia kiasi gani ndani ya protini. Wodi zetu hazina mashine hiyo. Tunachoweza kupima ni akiba: mtoto amezaliwa na surfaktanti ya kutosha au hana?

Akiba hiyo tunaipata tumboni. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, mapafu yake hutoa maji. Maji hayo hupanda kooni na mengine humezwa. Kwa hiyo majimaji ya kwanza ya tumbo la mtoto yamebeba habari za mapafu.

Vifaa

Weka vyote mezani kabla mama hajajifungua. Ukianza kutafuta kitu mtoto akishatoka, umeshachelewa.

- Ethanoli ya asilimia 95, chupa yenye kizibo cha kubana.
- Maji ya dripu ya chumvi, asilimia 0.9.
- Tyubu mbili za kioo zinazolingana upana, zenye vizibo safi vya mpira.
- Mabomba ya sindano: la mililita 1, mawili, na la mililita 5.
- Mpira wa kulishia, namba 6 au 8 kulingana na ukubwa wa mtoto.
- Saa yenye mshale wa sekunde, karatasi nyeusi, tochi ndogo, na lenzi ya mkono kama ipo.
- Kalamu ya kuandika kwenye kioo, na glavu.

Mizani ya maabara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu ni ya lazima pia, ila haihitaji kukaa wodini. Utaitumia mara moja kwa wiki.

Hatua ya 1: Pima spiriti yako

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na hapa ndipo nitakapokaa kuliko kwingine.

Ukitikisa majimaji yoyote yenye protini, yatatoa povu. Ute unatoa povu, damu inatoa povu, maziwa yanatoa povu. Ethanoli imewekwa kwenye jaribio hili iue mapovu hayo yote, libaki la surfaktanti peke yake, kwa sababu hilo ndilo linalohimili ethanoli. Ethanoli ikiwa dhaifu, mapovu mengine nayo yanasalia, na wewe unaandika "ipo" kwa mtoto ambaye hana kitu.

Spiriti ya kusafishia ngozi ni asilimia 70. Haifai. Ukiichanganya nusu kwa nusu na majimaji, unabaki na asilimia 35 tu, ilhali jaribio linataka karibu 47 au 48.

Nimeliona hili kwa macho yangu. Usiku mmoja, katika hospitali niliyokuwa zamani, mkunga alinionyesha tyubu. "Kaka, duara la povu limekamilika, mtoto yuko salama." Mtoto mwenyewe alikuwa wa wiki 30 na mbavu zilikuwa zinahesabika kila anapovuta pumzi. Nikamuuliza, "Dada, chupa hii mliijaza lini?" Akafikiri kidogo. Chupa ilikuwa imeisha jioni, mtu akaongezea kutoka kwenye dumu la spiriti ya kawaida, na lebo ya asilimia 95 ikabaki pale pale. Daktari wa zamu alikuwa ameshamwekea mtoto CPAP kwa kuangalia kifua chake, wala hakuungoja mkono wetu. Tangu usiku ule siamini lebo.

Hata chupa halali hudhoofika. Ethanoli hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani unaijua: chumvi inalowana kwenye kikombe, seuze spiriti iliyoachwa wazi. Miezi ya kaskazi, joto linapopanda, chupa iliyofunguliwa kila mara haikai na nguvu zake.

Fanya hivi:

1. Weka kikombe kidogo kikavu kwenye mizani, rudisha kwenye sifuri.
2. Vuta mililita 10 kamili za ethanoli kwa pipeti kavu, mimina ndani.
3. Soma haraka, kabla haijaanza kupaa.

Ethanoli ya asilimia 95 kwa ujazo huo ina uzito wa takriban gramu 8.1, na kwenye joto letu inaweza kushuka kidogo chini ya hapo. Ile ya asilimia 70 inafika 8.8 au 8.9. Maji matupu ni karibu 10. Mimi nimejiwekea mpaka: ikizidi 8.2, chupa hiyo inakwenda kusafishia meza.

Ukipata iliyo nzima, igawe kwenye vichupa vidogo vya mililita 20, jaza mpaka shingoni, funga, andika tarehe. Kichupa kikifunguliwa, kinatumika zamu hiyo na basi. Usiongezee kamwe chupa juu ya chupa.

Tahadhari: ethanoli inashika moto kwa cheche ndogo, na wodi ya njiti ina oksijeni. Umeme ukikatika, tumia tochi. Mshumaa au kibatari visikaribie meza hiyo.

Ukifanikiwa: una kichupa chenye tarehe, na kwenye daftari umeandika uzito uliousoma wewe mwenyewe.

Hatua ya 2: Andaa tyubu, pamoja na ya kulinganishia

Mabaki ya sabuni hutoa majibu ya uongo. Tyubu isuuzwe kwa maji ya bomba mara nyingi, kisha kwa maji yaliyochujwa ya maabara, ikaushwe kichwa chini. Usiifute kwa kitambaa. Nyuzi zake hubaki ndani na kushika mapovu.

Tyubu ya pili ndiyo mlinzi wako. Haitapata majimaji ya mtoto: itapata mililita 1 ya maji ya chumvi na mililita 1 ya ethanoli tu. Itatikiswa pamoja na ile ya mtoto na kusomwa pamoja nayo. Baada ya dakika 15 isiwe na povu hata moja. Ikiwa nalo, vyombo vyako ni vichafu, na jibu la mtoto halisomwi.

Watu huiruka tyubu hii kwa sababu inaonekana ni kazi mara mbili. Ni sekunde 40 za ziada.

Hatua ya 3: Chukua majimaji ya tumbo

Muda ni ndani ya dakika 30 za kwanza, na kabla mtoto hajapewa chochote mdomoni. Baada ya hapo tumbo linaanza kutoa maji yake lenyewe, surfaktanti iliyomo inazimuliwa, na povu linakosekana kwa mtoto aliyekuwa nayo. Wale wanaolalamika kwamba hawapati povu hata kwa watoto waliokomaa, nikiwauliza walichukua saa ngapi, wengi huniambia ni baada ya mtoto kuogeshwa, kupimwa na kupelekwa wodini. Saa mbili zimepita.

Mweleze mama, au bibi aliyekuja naye kama mama bado yuko chini ya dawa ya usingizi na bibi ndiye anayesimama badala yake. Shikamoo kwanza, kisha maneno ya kawaida: "Bibi, tunataka kuvuta maji kidogo tumboni mwa mtoto tuone kama mapafu yake yamekomaa. Mpira huu huu ndio atakaolishiwa." Hilo la mwisho ni kweli na linawatuliza: mtoto njiti karibu kila mara anahitaji mpira huo, kwa hiyo kipimo hakimwongezei maumivu.

Pima urefu wa mpira kutoka puani hadi sikioni, kisha hadi katikati ya ncha ya kidari na kitovu. Weka alama. Kwa mtoto anayepumua kwa shida, upitishe mdomoni. Pua aiachie hewa. Vuta polepole kwa bomba la mililita 5. Unahitaji mililita 0.5.

Angalia ulichovuta. Yanayofaa ni meupe au ya maji maji, wakati mwingine yenye ukungu kidogo. Yakiwa na damu au kinyesi cha kwanza cha mtoto, yaani ya kijani, acha. Yatakupa povu la uongo. Yakiwa na ute mzito, yavute na kuyasukuma polepole mara mbili tatu ndani ya bomba mpaka yalegee. Usiyapeleke kwenye mashine ya kuzungushia, maana vijifuko vya surfaktanti vitazama chini na wewe utapima maji ya juu.

Ukipata mililita 0.2 tu, usimwage maji tumboni ili uyavute tena. Andika "hayakutosha" na uendelee kumhudumia mtoto kwa dalili zake.

Hatua ya 4: Changanya

Kwenye tyubu ya mtoto weka, kwa mpangilio huu:

1. Majimaji ya tumbo, mililita 0.5.
2. Maji ya chumvi, mililita 0.5. Zungusha taratibu.
3. Ethanoli, mililita 1, kwa bomba jingine kavu.

Nusu ya mchanganyiko lazima iwe ethanoli. Bomba lenye maji ukilichovya kwenye kichupa cha ethanoli, umekiharibu kichupa chote. Ndiyo maana nimesema mabomba mawili.

Utaona vipovu vidogo vidogo vikipanda kutoka chini na kioo kikipata uvuguvugu mkononi. Usishangae. Ethanoli na maji vikikutana hutoa joto na kufukuza hewa iliyokuwa ndani. Vipovu hivyo hupasuka ndani ya sekunde chache na havihesabiki.

Hatua ya 5: Tikisa sekunde 15

Ziba kwa kizibo cha mpira. Kidole gumba hakifai, hata ndani ya glavu: ngozi ina mafuta na glavu nyingine zina unga, na vyote viwili huingilia povu.

Tikisa juu na chini kwa nguvu, mkono mzima, sekunde 15 kwa saa. Anayezungusha tyubu kama anayekoroga chai hapati povu hata kwa mtoto aliyekomaa. Tikisa tyubu zote mbili kwa pamoja, moja kila mkono, ili zipate nguvu sawa.

Hatua ya 6: Ziache dakika 15

Zisimamishe kwenye kibao chake, mbali na feni na jua la dirishani. Usizishike wala usizisogeze. Usisome kwenye dakika ya tano kwa sababu daktari anauliza. Mapovu ambayo si ya surfaktanti huwa bado yanapasuka wakati huo.

Dakika hizi 15 ni za mtoto. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili, pima joto lake, angalia kofia na soksi. Mtoto aliyepoa hupumua vibaya hata akiwa na surfaktanti.

Hatua ya 7: Soma

Weka karatasi nyeusi nyuma na chini ya tyubu. Mulika tochi kutoka ubavuni, angalia kwa juu, pale maji yanapogusana na kioo. Mapovu ya surfaktanti ni madogo sana, yamekaa yameshikamana na kioo, kama ushanga mwembamba wa mtoto uliozungushwa kiunoni. Povu kubwa moja linaloelea katikati si lenyewe.

Anza na tyubu ya kulinganishia. Ni safi? Haya, soma ya mtoto:

- Hakuna povu: akiba ni ndogo sana. Hatari ya mapafu kushindwa ni kubwa.
- Duara halijakamilika: ni jibu la katikati. Mhesabu mtoto huyu kuwa na hatari, hasa mapovu yakiwa hayafiki hata theluthi ya duara.
- Duara limekamilika, safu moja au zaidi: surfaktanti ipo.

Wasome watu wawili, kila mmoja aandike jibu lake kabla hajasikia la mwenzake. Mkitofautiana, chukueni lile baya zaidi.

Ukifungua kundi jipya la ethanoli, jaribu kwanza kwa majimaji ya mtoto aliyetimiza miezi na anayepumua vizuri, kwa ridhaa ya mama yake. Duara lisipokamilika hapo, kosa liko kwenye mikono au vyombo vyenu.

Hatua ya 8: Jibu linakuambia nini

Jibu la "hakuna" linahusu siku tatu zinazokuja, wala si saa moja. Seli za mapafu huanza kutengeneza surfaktanti kwa bidii mtoto akishazaliwa, lakini kuitengeneza, kuitema na kujaza ule mzunguko wa kurejeleza huchukua siku. Ndiyo maana mtoto mwenye upungufu huzidi kuchoka katika saa 48 hadi 72 za kwanza, kisha huanza kupata nafuu. Kwa hiyo anza CPAP mapema, au piga simu ya rufaa mapema, angali ana nguvu ya kusafiri. Barabara kutoka Pangani si ya kumpitisha mtoto aliyekwisha kuchoka.

Jibu la "ipo" lisikulaze usingizi. Povu linaonyesha mchanganyiko kwa ujumla. Halitenganishi mafuta na protini. Mtoto wa mama mwenye kisukari anaweza kuwa na mafuta yakatosha huku protini zimechelewa, akapata shida ile ile. Nimonia na maji yaliyobaki mapafuni navyo humfanya mtoto apumue mbio, na tyubu haivijui. Kifua kikibonyea na tyubu ikasema yuko salama, fuata kifua.

Kipimo cha siku ya pili kwa njia hii hakina maana. Tumbo limeshapata maziwa.

Jambo jingine ambalo si la maabara, lakini siwezi kuliacha. Mama anayetarajiwa kujifungua kabla ya wiki 34, na ambaye ujauzito wake umefika wiki 24, anaweza kupewa deksamethasoni, miligramu 6 kwa sindano kila saa 12, mara nne, endapo hana maambukizi ya tumbo la uzazi na yuko mahali mtoto njiti anapoweza kuhudumiwa. Dawa hiyo huziamsha seli zile za aina ya pili mtoto akiwa bado ndani. Kwenye fomu ya kipimo ongeza mstari wa kuuliza kama mama aliipata, dozi ngapi, na ya mwisho saa ngapi. Nimeona duara zuri kwa watoto wa wiki 31 ambao mama zao walizimaliza zote nne.

Hatua ya 9: Andika

Neno "chanya" peke yake kwenye faili halimsaidii daktari wa asubuhi. Andika hivi:

"Mtoto wa kike, wiki 31, gramu 1,450. Majimaji yamevutwa saa 9:40 usiku, dakika 20 tangu kuzaliwa, meupe, hayana damu. Ethanoli ya kichupa cha leo, gramu 8.07. Tyubu ya kulinganishia safi. Saa 10:05: duara nusu, wasomaji wawili wamekubaliana. Pumzi 72 kwa dakika, kifua kinabonyea. CPAP imeanza saa 9:30, kabla ya kipimo. Mama amepata deksamethasoni dozi mbili."